Simu imefanya nini ambacho benki haikuweza?

Msomaji anayesoma uchumi mwaka wa kwanza chuoni ameandika hivi: "Shikamoo mwalimu. Kila ninachosoma kinasema huduma za fedha za kidijitali zimewafikia watu wa nchi zinazoendelea walioachwa na benki. Sijaridhika. Benki zilikuwepo miaka mingi, tena zina kompyuta, na maskini hawi tajiri kwa kupewa laini ya simu. Simu imefanya nini hasa? Na kama kweli imefanya kitu, mbona wengi wenye akaunti hizo hutoa pesa yote siku ileile inapoingia?"

Marahaba. Umeuliza maswali mawili, na la pili halijibiki vizuri kabla ya la kwanza, kwa hiyo nivumilie nianzie mbali kidogo.

Benki ilimwacha mtu wa kipato cha chini kwa sababu ya hesabu. Tawi lina pango, mlinzi, sefu, umeme na mishahara, na gharama hizo hazipungui kwa kuwa mteja ameleta kiasi kidogo. Karani humhudumia mwenye kuweka kidogo kwa dakika zilezile anazomhudumia mwenye kuweka kingi. Faida yote hutoka kwa yule wa pili. Wa kwanza ni hasara kila anapoingia mlangoni. Benki zikajilinda kwa kudai kiwango cha chini cha salio, kukata ada ya kila mwezi, kutaka nyaraka nyingi na kujenga matawi mijini peke yake. Benki ya Dunia ilipofanya utafiti wake wa kwanza wa Global Findex mwaka 2011, ni asilimia 42 tu ya watu wazima wa nchi zinazoendelea waliokuwa na akaunti. Ukisoma sababu ambazo wasio na akaunti wamekuwa wakizitoa kwenye tafiti hizo, utakuta pesa zao ni kidogo mno, akaunti ni ghali, tawi liko mbali, nyaraka hawana. Nne hizo zina mzizi mmoja. Muamala mdogo ulikuwa ghali kwa benki kuuhudumia, na ghali kwa mteja kuufuata.

Kilichobadilika ni gharama ya muamala mdogo. Ukilishika hilo, mengine yote yanafuata, mazuri na mabaya.

Wanaoeleza jambo hili huitazama zaidi simu. Mimi naomba umtazame wakala. Simu inaweza kuhamisha tarakimu, lakini haiwezi kupokea noti wala kutoa noti, na mtu anayelipwa kwa noti hawezi kuingia katika mfumo wa tarakimu mpaka apatikane wa kumbadilishia. Wakala ndiye huyo. Ni mwenye duka ambaye tayari ana chumba, tayari analipa pango, tayari yuko karibu na watu na anafungua hadi usiku. Anaweka mtaji wake benki, anapewa thamani ileile kama floti kwenye simu yake. Mteja akimpa noti, floti inatoka kwa wakala kwenda kwenye salio la mteja; mteja akitaka noti, floti inarudi kwa wakala na noti inatoka droo. Kila muamala una kamisheni ndogo. Kampuni haikujenga ukuta hata mmoja. Zile gharama zilizoifanya benki imkwepe mteja mdogo zimebebwa na biashara ambayo ingekuwepo hata bila huduma hiyo.

Tazama pia pesa zenyewe ziko wapi, kwa sababu wengi hudhani ziko "ndani ya simu". Kwa utaratibu wa nchi nyingi, kila shilingi au rupia ya kielektroniki inatakiwa iwe na mwenzake halisi katika akaunti ya amana benki, iliyotengwa na mali ya kampuni ya simu. Kampuni hairuhusiwi kuzikopesha. Hilo ndilo lililowapa wasimamizi ujasiri wa kuruhusu kampuni isiyo benki kushika pesa za watu, na ndilo linalomlinda mteja kampuni ikiyumba. Amana hizo huzaa riba, na kwa miaka mingi riba hiyo haikumfikia mteja. Nchini Tanzania, Tigo Pesa ilianza kuwagawia wateja wake gawio hilo mwaka 2014. Naona ni haki iliyochelewa.

Kenya ndiyo mfano unaotajwa mno, na kwa sababu nzuri. M-Pesa ilianza Machi 2007 chini ya Safaricom, ikiwa imetokana na majaribio ya kurejesha mikopo midogo kwa simu, yaliyosaidiwa na fedha za maendeleo za Uingereza. Katika majaribio watu walianza kuitumia kwa jambo jingine: kutumiana pesa wao kwa wao. Kampuni ikafuata walikoelekea wateja. Ilifanya kazi kwenye simu za kawaida kabisa, bila intaneti, kwa menyu ya maandishi na namba ya siri. Benki Kuu ya Kenya nayo iliiacha ianze huku ikiiangalia, badala ya kungoja sheria kamili iandikwe kwanza. Mwaka 2011 asilimia 42 ya watu wazima nchini humo walikuwa na akaunti ya aina fulani. Mwaka 2021 walifika asilimia 79.

Linganisha na Nigeria, ambayo ina watu wengi zaidi, kampuni kubwa za simu na benki imara. Huko wasimamizi waliamua huduma ya pesa kwa simu iongozwe na benki, na kampuni za simu zikabaki nyuma kama wabebaji wa mawasiliano hadi mwaka 2018, Benki Kuu ilipotoa mwongozo wa benki za huduma za malipo, aina ya benki ambayo kampuni za simu nazo ziliruhusiwa kuianzisha. Mwaka 2021 wenye akaunti Nigeria walikuwa asilimia 45. Sisemi kwamba uamuzi huo peke yake ndio uliozaa tofauti yote, maana nchi hizi mbili zinatofautiana kwa mengi. Ninachosema ni kwamba simu zilikuwepo pande zote mbili, na kilichotofautiana ni nani aliruhusiwa kuwa na mawakala, na kwa masharti gani. Ukiandika kazi yako ya chuo usiseme "teknolojia ilileta". Sema ni kanuni ipi iliruhusu nini.

Sasa, umesema maskini hawi tajiri kwa kupewa laini. Ni kweli, lakini hapo umepita haraka. Huduma ya fedha ina kazi nyingine kabla ya utajiri: kumkinga mtu asianguke. Familia ya kipato cha chini inaishi kwa misaada ya ndugu. Mtoto akiugua, mazao yakiharibika, kibarua kikikatika, kuna kaka au shangazi mahali fulani mwenye kitu kidogo cha kutuma. Zamani pesa hiyo ilisafiri kwa basi, mkononi mwa dereva au mtu anayeelekea huko, na iliweza kuchelewa au kupotea. Ndugu wa mbali akawa hana faida siku ya dharura.

Wachumi Tavneet Suri na William Jack waliifuatilia hali hii Kenya kwa miaka mingi. Katika utafiti wao wa mwaka 2014 walikuta kwamba kaya zisizotumia M-Pesa zilipopatwa na msukosuko, matumizi yao yalishuka kwa asilimia 7 hivi, ilhali ya kaya zinazoitumia hayakutikisika kwa kiwango cha kuonekana. Waliotumia M-Pesa walipokea pesa kutoka kwa watu wengi zaidi, na kutoka mbali zaidi. Hiyo ni bima, ingawa hakuna aliyeandika mkataba wa bima. Mwaka 2016 wakachapisha matokeo mengine yaliyojulikana zaidi: kupatikana kwa huduma hiyo kuliziondoa kaya takriban 194,000 katika umaskini, sawa na asilimia 2 ya kaya zote za nchi hiyo, na wanawake wapatao 185,000 wakahama kutoka kilimo cha kujikimu kwenda kwenye biashara. Na walipimaje kupatikana kwa huduma? Kwa kuangalia mawakala walivyoongezeka karibu na kila kaya. Unaona kwa nini nilikuomba umtazame wakala.

Asilimia 2 ni ndogo ukiitaka iwe muujiza. Kwa kitu ambacho serikali haikulazimika kukijenga wala kukigharamia, ni kubwa mno, na mimi naiheshimu kuliko ahadi nyingi nilizozisoma katika mipango ya maendeleo.

Kizuizi kingine ambacho simu peke yake haiwezi kukiondoa ni nyaraka. Sheria za kuzuia utakatishaji wa fedha zinataka mwenye akaunti ajulikane, na mtu asiye na kitambulisho wala anwani iliyoandikwa hawezi kujulikana kwa karatasi. Nchi zimepita njia mbili. Ya kwanza ni kuweka ngazi: akaunti ya salio dogo na miamala midogo inafunguliwa kwa taarifa chache, na masharti yanaongezeka kadiri kiasi kinavyoongezeka. Mexico ilifanya hivyo mwaka 2011. Ya pili ni kumpa kila mtu utambulisho unaothibitika papo hapo, kama India ilivyofanya kwa Aadhaar, namba inayofungamana na alama za vidole na mboni. Mwaka 2014 India ikaanzisha mpango wa Jan Dhan wa kumfungulia kila kaya akaunti isiyodai salio la chini. Wenye akaunti walitoka asilimia 35 mwaka 2011 hadi 80 mwaka 2017. Sijui nchi nyingine kubwa kiasi hicho iliyokwenda kwa kasi ile.

Lakini India ndiyo pia inayotufikisha kwenye swali lako la pili. Mwaka 2021 asilimia kama 35 ya wenye akaunti nchini humo walikuwa na akaunti iliyolala, haijaguswa mwaka mzima. Akaunti ilifunguliwa, mtu hakuingia. Kwa nini?

Jibu langu ni kwamba akaunti huishi pale pesa inapoingia yenyewe. Mtu hazoei kuweka pesa mahali kwa kuhubiriwa. Anazoea kwa sababu mshahara, msaada au malipo ya mazao tayari yako humo. Ndiyo maana malipo ya serikali yana nguvu kubwa. Nchini Niger, baada ya ukame wa 2009 na 2010, msaada wa fedha ulitolewa kwa kaya kwa njia mbili, wengine noti mkononi na wengine kwa simu. Waliolipwa kwa simu walikula vyakula vya aina nyingi zaidi. Watafiti walitaja sababu mbili: muda uliookolewa kwa kutosafiri na kupanga foleni, na wanawake kuwa na sauti zaidi juu ya pesa ambayo haikuonekana na kila mtu ilipofika. Katika jimbo la Madhya Pradesh, India, wanawake waliofunguliwa akaunti zao wenyewe, wakaelekeziwa ujira wa kazi za umma humo na kufundishwa kuzitumia, walifanya kazi zaidi nje ya nyumba kuliko waliopewa akaunti tu. Akaunti, pesa inayoingia na mafunzo vilikwenda pamoja. Akaunti peke yake haikutosha. Togo nayo, mwaka 2020 wakati wa korona, ilisajili watu kwa simu katika mpango wa Novissi na kuwatumia msaada bila foleni hata moja.

Basi mbona wanatoa yote siku hiyohiyo? Kwa sababu anayepokea hana pa kuitumia ikiwa bado tarakimu. Muuza mboga anataka noti, nauli inalipwa kwa noti, na fundi naye vilevile. Pesa ya kielektroniki isiyopokelewa sokoni ni pesa ya safari moja: inaingia, inatoka. Na kila kutoa kuna makato, ambayo kwa kiasi kidogo huuma kuliko kwa kiasi kikubwa. Mtu akihesabu kwamba atakatwa kila akitoa, anatoa mara moja yote akatwe mara moja. Anafanya hesabu sahihi. Kinachomrudisha kwenye noti ni bei aliyopangiwa, na wanaosema hajaelimika wanamwonea.

Nchi zilizopunguza tatizo hilo ziligusa bei na maungano ya mitandao. Mwanzoni mteja wa kampuni moja hakuweza kumtumia wa kampuni nyingine kama anavyomtumia wa kwake. Tanzania ilitangulia kulirekebisha hilo mwaka 2014, Kenya ikafuata 2018. India ilianzisha mfumo wa UPI mwaka 2016, unaounganisha benki na programu za malipo zote, na mtu humlipa mwenzake papo hapo bila makato. Benki Kuu ya Brazil ilizindua Pix, mfumo wake wa malipo ya papo hapo, Novemba 2020, bure kwa watu binafsi na saa zote. Muuzaji akiweza kupokea bila mashine na bila kukatwa kikubwa, ataanza kupokea, na mnunuzi hana tena haja ya kupitia kwa wakala. Hapo ndipo salio linaanza kulala usiku kwenye simu. Mwaka 2024, asilimia 40 ya watu wazima wa nchi zinazoendelea waliweka akiba katika akaunti rasmi, ongezeko la pointi 16 tangu 2021, na simu ina mkono mkubwa katika hilo.

Serikali zinaweza kuyarudisha nyuma haya kwa kalamu moja. Muamala wa kielektroniki ni rahisi kuutoza kodi kwa sababu unaonekana, na hazina zenye upungufu hushawishika. Uganda iliweka kodi ya asilimia 1 mwaka 2018 na kuishusha ndani ya miezi michache hadi nusu asilimia, kwa kutoa pesa pekee. Tanzania iliweka tozo Julai 2021 ikaipunguza baada ya malalamiko. Ghana ilitoza asilimia 1.5 kuanzia Mei 2022, ikashusha, na mwaka 2025 ikaifuta kabisa. Tozo ya namna hii inamwadhibu mtu kwa kuingia mfumo uleule ambao serikali hiyohiyo inamsihi aingie. Napinga, na sioni haja ya kulipamba neno.

Nimebakiza mkopo, na hapa naomba uwe makini kuliko kwingine. Ile gharama ndogo ya muamala ilishusha pia gharama ya kukopesha. Historia ya kutuma, kupokea na kununua vocha inatumika kumkadiria mtu asiye na hati ya nyumba wala mshahara, na uamuzi unatoka kwa sekunde. M-Shwari ilianza Kenya Novemba 2012 kwa mtindo huo, ikiunganisha akiba na mkopo mdogo wa siku 30 kwa ada ya asilimia 7.5. Utafiti uliohusu huduma hiyo ulikuta wanaostahili mkopo walipunguza kuacha matumizi muhimu walipopatwa na dharura. Hilo ni jema. Lakini asilimia 7.5 kwa mwezi ni 90 kwa mwaka, na mkopo unaorudiwa kila mwezi si wa dharura tena, ni mzigo wa kudumu. Nyuma yake zikaja programu za mikopo zisizo na msimamizi, zinazosoma majina yaliyohifadhiwa kwenye simu ya mkopaji na kuwapigia ndugu na wakuu wake wa kazi kumdhalilisha akichelewa. Kenya ilileta kanuni za wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2022, zikawataka wapate leseni ya Benki Kuu na kuzuia vitendo hivyo. Watu wengi walikuwa wameshaumia.

Kwa hiyo ukikuta ripoti inayohesabu mikopo iliyotolewa kama kipimo cha ujumuishi wa kifedha, yaani watu kufikiwa na huduma rasmi za fedha, itilie shaka. Mtu aliyekopeshwa na kampuni tano kwa mwezi mmoja ameingizwa mara tano kwenye hesabu hiyo. Kipimo ninachokiamini ni kingine: je, mtu akipatwa na dharura anaweza kupata fedha ndani ya siku chache bila kuuza kifaa chake cha kazi au kumwondoa mtoto shule? Global Findex huuliza swali linalokaribiana na hilo. Lisome pamoja na idadi ya akaunti, utaona nchi ambazo akaunti zimeongezeka na uwezo huo haujasogea.

Mwisho, usidhani kazi imebaki kwa wasio na simu. Mwaka 2024 walibaki watu wazima bilioni 1.3 duniani wasio na akaunti yoyote, na takriban milioni 900 kati yao wana simu ya mkononi. Zaidi ya nusu ya wasio na akaunti ni wanawake. Ukimchukua mmoja wao na kumuuliza, mara nyingi utakuta laini imesajiliwa kwa jina la mume au kaka, menyu iko katika lugha asiyoisoma, wakala wa karibu haweki floti ya kutosha siku ya malipo, au hajawahi kupata cheti cha kuzaliwa. Ukitaka sura moja ya kazi yako ambayo wenzako hawataiandika, chagua kimojawapo kati ya hivyo vinne katika nchi moja, tafuta kanuni inayokihusu, na uonyeshe nani anaweza kuibadilisha.